Siku Treni Ilipopita Karibu na Doldol

Niliwaahidi wiki hii tungeendelea na somo letu la hifadhidata. Litasubiri. Jumapili nilikuwa nasafisha laptopu yangu ya zamani, ile ya chuo, nikakuta folda imeandikwa "treni". Ndani mna faili za maandishi, ramani moja mbovu, na picha za vyuma ambazo ukimwonyesha mtu wa kawaida atakuuliza kama uko sawa. Nilishinda nayo mpaka jioni. Sasa na nyinyi mtanivumilia.

Kwanza mjue ninakotoka. Doldol iko Laikipia Kaskazini, kilomita hamsini na kitu kutoka Nanyuki ukielekea kaskazini. Tuna mbuzi, tuna msitu wa Mukogodo, tuna mtandao wa simu unaokuja na kuondoka kama mvua. Reli hatuna na hatujawahi kuwa nayo. Reli ilitoka Nairobi ikafika Thika mwaka 1913, ikasukumwa polepole kupitia Murang'a, Sagana, Karatina, Kiganjo na Naro Moru, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 ilikuwa imeingia Nanyuki. Jumla kama kilomita 240. Hapo ikakoma. Wakulima wa kizungu walikuwa wamepata njia ya kuteremsha mazao yao, na huku kwetu kwenye mifugo na miiba hakuna aliyekuwa na haraka ya kuleta injini.

Sasa, mtoto wa Doldol alipataje ugonjwa wa treni? Kupitia kwa shangazi yangu. Alikuwa na kibanda cha chai pale Nanyuki, mtaa wa kando ya reli, na kila likizo mimi nilipelekwa kwake, eti nimsaidie. Nilikuwa nabeba maji, naosha vikombe, na muda uliobaki (ulikuwa mwingi) nacheza kwenye reli.

Nikisema kwenye reli namaanisha kwenye reli yenyewe. Treni ya abiria hakuna mtoto wa rika langu aliyekuwa ameiona. Reli ilikuwa imelala. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya mataruma, na watu nao walikuwa wameota hapo hapo: muuza mitumba anatandika turubai juu ya chuma, fundi wa viatu ameegemeza kiti chake kwenye taruma, mama wa viazi anaanika magunia. Benchi la wateja la shangazi lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mtu anakunywa chai huku miguu ameinyoosha kuelekea Mombasa.

Uingereza kuna watu ambao starehe yao ni kusimama stesheni na kuandika nambari za injini zinazopita. Mwaka 1942 kijana mmoja, Ian Allan, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya reli ya Southern, alichapisha kijitabu cha nambari za injini za kampuni hiyo, na wavulana wakaanza kuzipigia mstari moja baada ya nyingine. Nilisoma habari hiyo nikiwa chuo nikacheka peke yangu, maana mimi nilikuwa nafanya jambo hilo hilo nikiwa na miaka tisa, ila bila treni. Nilikuwa na daftari la mraba. Ukichunguza ubavu wa reli ya zamani, utaona herufi na tarakimu zimeinuka kwenye chuma: jina la kiwanda, mwaka, alama nyingine ambazo sikuzielewa. Nilikuwa nasugua kutu kwa kipande cha tofali halafu nanakili. Kurasa nzima. Shangazi alidhani ni kazi ya shule.

Aliyejua kwamba si kazi ya shule ni mzee mmoja mteja wa kila siku, mstaafu wa reli, Mkikuyu wa upande wa Karatina. Mimi nilimwita Mzee wa Bendera kwa sababu kazi yake ya zamani ilikuwa bendera, taa, na kugeuza njia. Alinieleza kwamba kwenye reli yenye njia moja hatari kubwa ni treni mbili kukutana uso kwa uso, kwa hiyo dereva haingii kipande cha njia mpaka apewe ruhusa mkononi. Kitu cha kushika. Ruhusa ni moja tu kwa kila kipande, na mpaka irudishwe upande wa pili, mwingine anangoja hata kama anachelewa, hata kama bosi wake yumo ndani.

"Na akiingia bila ruhusa?" nikamuuliza.

"Kijana, basi atapata nafasi ya kujuta kidogo tu."

Miaka mingi baadaye, darasa la mifumo endeshi, mhadhiri akaandika ubaoni neno semafo na kuanza kueleza jinsi programu mbili zinavyozuiwa kugusa kumbukumbu moja kwa wakati mmoja. Wenzangu walikuwa wanahangaika. Mimi nilikuwa naona Nanyuki. Na kumbe si bahati tu: Dijkstra, Mholanzi aliyeleta wazo hilo miaka ya 1960, alichukua neno kutoka kwa milingoti ya ishara ya reli. Ninyi mnaoandika msimbo wenye kufuli mjue mnafanya kazi ya Mzee wa Bendera. (Na wale vijana wa MIT waliotueneza neno "hack" duniani, wengi walitoka kwenye klabu ya treni za mfano iliyoanzishwa mwaka 1946. Sitaendelea, najua nikianza hapa hatutoki.)

Nikiwa Nairobi nilikuwa naenda makumbusho ya reli nikipata nauli na kiingilio. Kuna injini moja ya mvuke pale, nambari 2921. Ni ya lile kundi ambalo kila injini ilipewa jina la kabila la Afrika Mashariki. Bamba lake linasema "Masai of Kenya". Nilipiga picha nikamtumia shangazi. Akajibu: "Hawa walituandika kwenye injini lakini hawakutuletea reli."

Basi. Mwaka 2020.

Mnakumbuka mwaka ule. Vyuo vilifungwa Machi, nikarudi nyumbani na laptopu. Na katikati ya mwaka habari ikaanza kuzunguka kwamba reli ya Nanyuki inafufuliwa. Si reli mpya ya kisasa, ni ile ile ya upana wa mita moja. Wanajeshi na vijana wa NYS walikuwa wanang'oa nyasi, wanabadilisha mataruma, wanamwaga kokoto. Gazeti lilitaja shilingi bilioni 1.8. Nilisoma habari hiyo mara tatu. Nikamfungulia Mzee wa Bendera simu, alikuwa ameshahamia kwa mwanawe, akasema ataamini akisikia honi.

Shangazi naye alinipigia, lakini si kwa furaha. Notisi ilikuwa imebandikwa. Waliokuwa ndani ya ardhi ya reli waondoke. Notisi ilitaja umbali, ukipimwa kutoka katikati ya reli, na swali lake lilikuwa rahisi: "Wewe ndiye umesomea hizi kompyuta. Niambie kama niko ndani au niko nje."

Nilipanda matatu siku iliyofuata.

Naomba niandike sehemu hii bila kujipendelea. Nilisimama katikati ya reli, nikafungua programu ya ramani kwenye simu, nikahifadhi nukta. Nikaingia kibandani mpaka kona ya mbele, nikahifadhi nukta ya pili. Nikatoa laptopu, nikaandika mistari sita ya Python yenye fomula ya umbali juu ya tufe. Wateja walikuwa wamenizunguka, wanaangalia skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani (ndiyo, nilikuwa nimeiweka hivyo makusudi). Jibu likatoka na sehemu za desimali saba. Nikalilinganisha na notisi. "Shangazi, uko nje. Mita tatu nje."

Desimali saba! Leo nikiona junia ananiletea jibu la namna hiyo namrudisha dawati lake.

Mnaojua mambo haya mmeshaona kosa. GPS ya simu, mahali pa wazi kabisa, angani pakiwa safi, inakosea kwa mita kadhaa. Mimi nukta ya pili niliichukua chini ya paa la mabati, kati ya vibanda. Tena simu yenyewe ilinionya: chini ya skrini kulikuwa na maandishi madogo yakisema usahihi ni mita 8. Niliyaona. Nakumbuka vizuri kwamba niliyaona. Mtu akikuambia amepima mita tatu kwa kifaa kinachokosea mita nane, hajapima chochote, amekuambia matumaini yake. Na mimi matumaini yangu yalikuwa mawili: shangazi abaki na treni ije.

Fundi wa viatu wa jirani alipima kwa kamba. Alikuwa ameifunga mafundo kila baada ya mita moja, akainyoosha kutoka kwenye chuma. Akamwambia shangazi, "Mama, mimi na wewe sote tuko ndani." Shangazi akamwonyesha mimi. "Mtoto yuko chuo kikuu." Fundi akanyamaza. Jioni ile akabeba vitu vyake kwa mkokoteni.

Walikuja siku chache baadaye kabla jua halijachomoza. Shangazi hakuwa amehamisha hata kikombe. Alipofika, mabati yalikuwa yamekunjika, benchi vipande viwili, jiko na sufuria kubwa havikuonekana, sijui vilichukuliwa na tingatinga au na watu. Aliokoa thamosi mbili na gunia la makaa. Akanitumia ujumbe wa maneno mawili: "Wamekuja. Usijali."

Nilijali sana. Nilirudi Nanyuki na kamba. Ujinga mtupu, kibanda hakipo tena, lakini nilitaka kujua. Alama za nguzo zilikuwa bado ardhini. Alikuwa ndani kwa mita mbili na nusu. Kwa hiyo nilikosea mita tano na nusu, tena ndani ya ile nane ambayo simu iliniambia.

Sitaki mnielewe vibaya. Kibanda kingeondoka tu, kamba au simu. Nisingeweza kukiokoa. Ningeweza kuokoa jiko, benchi, sufuria, mabati ishirini na mtaji wa mwezi mmoja. Shangazi alirudi Doldol kuanza upya na hakunilaumu hata siku moja, jambo ambalo lilinikera kuliko kulaumiwa.

Treni ya abiria ilikuja Desemba 2020. Nauli kutoka Nairobi ilikuwa shilingi 200, watu wakajaa. Nilienda kuipokea. Sitadanganya, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilikuwa na daftari jipya: nambari ya injini, idadi ya mabehewa, saa ya kufika. Watoto walikuwa wamepanda juu ya kila kitu kinachopandika. Nilimpigia Mzee wa Bendera nikainua simu juu ilipopiga honi.

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia. Hiyo ni dizeli. Haina sauti."

Lakini hakukata simu mpaka honi ilipokwisha.

Niligeuka kuangalia pale penye kibanda. Palikuwa na kokoto mpya na nafasi. Mtaa ulikuwa mpana, unaona mpaka mbali, na kusema kweli ulikuwa unapendeza. Waliokuwa wakiuza pale walikuwa wamerudi nyuma, wamebanana barabara ya pili. Boda boda walikuwa wamepanga foleni wakisubiri wageni wenye mabegi mgongoni. Nilitaka kununua chai nikakosa pa kunywea nimekaa.

Sasa tufike kwenye ile ramani mbovu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike yote haya.

Januari 2021 nilisafiri Nairobi hadi Nanyuki kwa treni, siku ya Ijumaa. Safari hii sikutaka kuamini simu. Nilikuwa nimenunua kile kidude cha GPS cha NEO-6M ambacho wengi wenu mnakijua, nikakiunganisha na bodi ndogo na kadi ya kumbukumbu, antena nikaibandika dirishani kwa gundi ya karatasi. Mama aliyekaa mbele yangu alihama kiti. Kila sekunde kifaa kiliandika tulipo. Tuliondoka asubuhi tukafika jioni, mwendo wa starehe, unaweza kuhesabu ndizi kwenye migomba ya Murang'a. Nililala Nanyuki, kesho yake nikaenda Doldol, na usiku nikachora ramani.

Treni ilikuwa imetoka Samburu.

Niliangalia tena. Mstari ulianzia juu kabisa kaskazini, ukapita upande wa Wamba, ukateremka kwenye milima ya Mukogodo, ukapita kama kilomita kumi kutoka nyumbani kwetu, ukapinda magharibi, halafu ukashuka Nanyuki. Karibu na mwisho ulifanya kitu cha ajabu: ulishuka kidogo kupita mji, ukagusa ikweta, ukageuka ukarudi juu kuingia stesheni.

Kwa wasiojua: vifaa hivi haviandiki kusini kwa alama ya kutoa. Vinaandika digrii na dakika, halafu pembeni herufi moja, N au S. Ukiwa Karatina unapata kitu kama hiki:

0029.000,S,03708.000,E

Programu yangu ilisoma tarakimu ikaruka herufi. Karatina, dakika 29 kusini ya ikweta, ikawa dakika 29 kaskazini. Na dakika 24 kaskazini, kwenye karibu longitudo hiyo hiyo, ni Doldol. Ikweta ilikuwa imekuwa kioo. Nchi yote ya chai na kahawa, Thika, Murang'a, Sagana, ilikuwa imepinduliwa ikaangukia kwetu. Reli yenyewe huvuka ikweta pale karibu kabisa na Nanyuki, ndiyo maana ule mstari ukageuka. Wenzenu wa Ulaya wanaweza kuandika programu hiyo na kuitumia miaka ishirini bila kugundua. Sisi tunaoishi juu ya sifuri tunagundua siku ya kwanza.

Dawa yake mnaijua:

if upande == 'S': lat = -lat

Mstari mmoja. Nilikuwa tayari nimeuandika, kidole kiko juu ya kitufe, shangazi akaingia na chai. Akauliza huo mstari mwekundu ni nini. Nikamweleza kwamba ni treni ya jana, na kwamba nimekosea tena, haikupita huku, ni mashine imechanganya kusini na kaskazini.

Akaketi. Aliniomba nimwonyeshe Mukogodo iko wapi, na lile bonde, na nyumba yetu. Alifuata mstari kwa kidole kutoka juu mpaka chini, taratibu, kwa muda mrefu. Kisha akauliza hapo karibu na kwetu ilipita saa ngapi. Nikatafuta kwenye faili. Nikamwambia ilikuwa alasiri, nikamtajia saa na dakika.

"Hiyo ni saa nzuri," akasema. "Watu wa treni wakifika saa hiyo wanakuwa na njaa. Chapati mia moja hazitoshi."

Nikasema, "Shangazi, kuhusu ile mita tatu..."

"Kunywa chai, inapoa."

Programu niliirekebisha usiku ule ule, na ramani sahihi ipo, nitaiweka hapa nikipata nafasi. Ile mbovu nilimchapishia kesho yake kwenye duka la kompyuta Nanyuki, karatasi ya A3, kwa rangi. Ameibandika kwenye kibanda chake kipya, hapa Doldol, juu ya rafu ya vikombe, na mgeni akiuliza anaambiwa hiyo ni reli yetu, kijana wetu ndiye aliyeipima.